Nguru Huenda Wapi Kusi Ikivuma?

Kila mwaka, kuanzia mwezi Mei hivi, nguru huadimika katika masoko ya pwani, kutoka Lamu hadi Mtwara. Bei ya kipande hupanda, mama lishe hurudi kwa vibua na dagaa, na hoteli hutegemea samaki wa kwenye majokofu. Ukiuliza kwa nini, majibu hayafanani. Kuna wachuuzi wanaosema nguru wamekwenda Uarabuni na watarudi na kaskazi. Kuna wavuvi wanaosema samaki yupo, ila bahari haiingiliki. Wapo pia wanaoamini kwamba ameshuka kina kirefu anasubiri maji yatulie.

Tofauti hizi zisingekuwa na uzito kama zingebaki gumzo la sokoni, lakini kupumzisha maji kumeshakuwa sera inayotekelezwa. Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano na nchi jirani za ziwa hilo. Baharini, vijiji kadhaa vya Pemba, Mafia na Songosongo vimekuwa vikifunga miamba ya pweza kwa miezi michache kisha kuifungua. Swali linalofuata ni la kawaida kabisa: kwa nini nguru naye asipewe mapumziko? Jibu linategemea alipo nguru wakati haonekani. Anayeamini kwamba samaki huhamia nchi nyingine atataka mkataba wa kimataifa, na anayeamini kwamba yupo palepale ataona kusi yenyewe inatosha kuwa mapumziko. Kabla ya kuchagua upande, ni vyema kuziweka hoja zote mezani.

Nguru ni samaki wa aina gani

Nguru anayezungumziwa hapa ni yule ambaye wanasayansi humwita Scomberomorus commerson. Ni jamaa wa jodari na vibua, mwenye mwili mrefu uliobanwa ubavuni, mgongo wa samawati iliyokoza, na mistari myembamba ya wima inayoshuka mbavuni. Alama ya uhakika zaidi ni mstari wa ubavuni. Unaanzia nyuma ya matamvua ukiwa karibu na mgongo, unakwenda sawia, kisha unapofika chini ya pezi la pili la mgongo unashuka ghafla kama ngazi na kuendelea hadi mkiani. Ndugu yake mwenye madoa na vistari vya ulalo hana mshuko huo mkali, lakini sokoni wote wawili huitwa nguru, na mara nyingi huandikwa hivyo hivyo katika takwimu. Kasoro hiyo ya daftari itatusumbua baadaye.

Tabia kadhaa za mwili wake zinaeleza mienendo yake. Hana kibofu cha hewa, kile kifuko kinachomsaidia samaki kuelea bila jitihada. Akiacha kuogelea anazama, hivyo hutembea usiku na mchana. Kwa upande mwingine, kukosa kibofu kunamruhusu kupanda na kushuka haraka bila madhara ya mgandamizo wa maji. Meno yake ni bapa, ya pembetatu, makali kama ya msumeno, na chakula chake kikuu ni samaki wadogo wanaotembea kwa makundi: dagaa, simu, vibua na jamii za kolekole wachanga, pamoja na ngisi na kamba. Huwinda kwa macho, kwa hiyo hupenda maji yanayopenyeza mwanga. Samaki anayetumia nguvu nyingi namna hii hawezi kukaa mahali chakula kilipotoweka.

Hukua haraka katika miaka miwili ya mwanzo, na wengi huanza kuzaa wakifika sentimita 80 hivi. Akinusurika nyavu anaweza kuishi muda mrefu. Utafiti uliofanywa Oman kwa kuhesabu pete za mawe ya sikio ulikuta nguru wa miaka 20. Rekodi ya kimataifa ya mshipi wa michezo ni ya samaki wa kilo 44.91 aliyevuliwa Scottburgh, Afrika Kusini, mwaka 1982. Jike hutaga kwa awamu, mayai huelea na kuchukuliwa na mkondo, na katika maji ya joto huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Watoto huonekana zaidi karibu na ufuko kuliko wakubwa wao.

Kuhusu wakati wa kuzaa, chanzo cha msingi kwa pwani yetu bado ni kazi ya Francis Williams, aliyekuwa mtafiti wa shirika la utafiti wa uvuvi wa baharini la Afrika Mashariki lililokuwa na makao Zanzibar. Katika andiko lake la mwaka 1964 alieleza kwamba nguru wa Afrika Mashariki huzaa katika kipindi kirefu, kuanzia Oktoba hadi Julai. Huko Madagaska kipindi kinachotajwa ni kifupi zaidi, Desemba hadi Februari. Msimu wa kuzaa unaochukua karibu miezi kumi ni jambo la kukumbuka tutakapofika kwenye suala la kufunga uvuvi.

Kalenda ya bahari

Pwani ya Afrika Mashariki huendeshwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, ikiwa nyepesi, na bahari huwa ya joto na tulivu. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, ikiwa na nguvu zaidi Juni na Julai. Katikati kuna maleleji, majuma ambayo upepo hauna msimamo.

Pepo hizi hubadilisha bahari yenyewe. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima mbele ya Tanzania na kusini mwa Kenya, lakini wakati wa kusi husukumwa na upepo na kwenda kasi maradufu. Wakati wa kaskazi hukutana na mkondo wa Somalia unaoshuka kutoka kaskazini, na mikondo hiyo miwili hugeukia bahari kuu mahali fulani kati ya Malindi na Lamu. Joto la maji ya juu hufikia nyuzi 29 au 30 Machi na Aprili, kisha hushuka hadi karibu nyuzi 25 ifikapo Agosti. Wakati wa kusi maji ya juu huchanganyika kwa nguvu na tabaka la maji ya baridi husukumwa chini zaidi. Mvua za masika nazo huleta tope kutoka Tana, Sabaki, Pangani, Rufiji na Ruvuma.

Mwaka 1988 mwanaikolojia Tim McClanahan aliyakusanya mabadiliko haya katika andiko moja ambalo hadi leo hurejewa na watafiti wa eneo hili. Picha yake ni kwamba kaskazi ni kipindi cha uvuvi mwingi na kusi ni kipindi cha uvuvi mdogo. Kwa nini iwe hivyo ndipo maelezo matatu yanapotengana.

Maelezo ya kwanza: nguru huhama mbali

Maelezo haya yana ushahidi kutoka kwingineko. Mashariki ya Australia, nguru wakubwa hukusanyika Oktoba na Novemba katika miamba ya karibu na Lucinda, kaskazini ya Townsville, kuzaa. Baadaye sehemu ya kundi hilo hufuata maji ya joto kuelekea kusini, na samaki waliowekewa alama walipatikana zaidi ya kilomita 1,000 kutoka walikoachiwa. Katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, nguru huonekana kwa wingi majira ya joto wakitokea upande wa Msumbiji, na hupungua maji yanapopoa. Uwezo wa kusafiri mbali, basi, anao.

Nguvu ya pili ya hoja hii ni ya kijamii. Watu wa pwani wamekuwa wakisafiri na pepo hizi kwa karne nyingi, majahazi yakishuka na kaskazi na kupanda na kusi, na ni rahisi kuona samaki akifuata njia hiyohiyo. Oman nayo ina uvuvi mkubwa wa nguru, na kwa mtazamaji wa Mombasa au Unguja inaelekea kwamba samaki anayekosekana hapa ndiye anayepatikana kule.

Udhaifu unaanzia kwenye umbali. Kutoka Zanzibar hadi Maskati ni karibu kilomita 4,000 hata ukinyoosha mstari. Kwenda na kurudi ndani ya mwaka mmoja ni safari kubwa kuliko ile ya Australia kwa mara kadhaa. Kisha kuna kizuizi cha njiani. Kusi inapovuma kwa nguvu, maji ya baridi hupanda kutoka kilindini mbele ya kaskazini mwa Somalia, na baadaye mbele ya Dhofar, kusini mwa Oman, na joto hushuka hadi karibu nyuzi 20 au chini yake. Nguru anayetoka kwetu Juni angekutana na maji ya baridi zaidi kuliko yale aliyoyakimbia. Kuna dagaa wengi huko, na huenda baadhi ya nguru wakavutwa na chakula hicho, lakini hoja ya kukimbia baridi inavunjika.

Udhaifu mkubwa zaidi ni sababu yenyewe ya kuhama. Kusini mwa Afrika na mashariki ya Australia, tofauti ya joto kati ya majira ni kubwa, na mpaka wa maji yanayomfaa nguru husogea mamia ya kilomita. Mbele ya Tanga au Kilifi, joto la Agosti ni nyuzi 25. Hakuna mwezi ambao maji yetu huwa baridi mno kwa nguru. Msukumo unaowahamisha samaki wa KwaZulu-Natal, kwa hiyo, haupo hapa kwa kiwango kile.

Vinasaba vimeingizwa pia katika mjadala, mara nyingi kwa makosa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba nguru wa Ghuba, Bahari ya Oman na Bahari ya Arabuni wanafanana kivinasaba. Kufanana huko kunaweza kuletwa na samaki wachache tu wanaochanganyika katika kila kizazi, au mayai yanayobebwa na mkondo, na hakuthibitishi kwamba kundi zima husafiri kila mwaka. Kaskazini ya Australia, watafiti waliopima kemikali zilizohifadhiwa katika mawe ya sikio walikuta samaki wakubwa wakiwa wamekaa kwa makundi yanayotengana, kila kundi na eneo lake. Samaki mmoja, tabia mbili: wapo wanaosafiri na wapo wakazi.

Maelezo ya pili: samaki yupo, mvuvi ndiye hayupo

Hoja hii inaanzia ufukweni. Sehemu kubwa ya uvuvi wa nguru katika pwani yetu hufanywa kwa vyombo vidogo: ngalawa, mashua, dau, na boti za faiba zenye mashine ndogo. Humvua kwa mshipi, kwa kurambaza chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, na kwa jarife la usiku. Njia zote hizo zinadai chombo kifike nje ya mwamba, mahali ambapo Juni na Julai mawimbi humkatisha tamaa hata nahodha mzoefu. Anayetoka hukaa ndani ya mwamba na kuvua tasi, changu na pono. Kwa hiyo nguru hupungua dikoni hata kama baharini hajapungua.

Kinachoipa hoja hii nguvu ni kwamba inaweza kuhesabiwa. Chukua mfano wa kubuni wa diko moja. Mwezi wa kaskazi, vyombo 20 vinatoka siku 22 kila kimoja, yaani safari 440, na vinaleta kilo 1,320 za nguru. Mwezi wa kusi, vyombo 8 vinatoka siku 9, yaani safari 72, na vinaleta kilo 180. Mchuuzi ataona samaki wamepungua kwa zaidi ya asilimia 86. Lakini kila safari ya kaskazi ilileta kilo 3, na ya kusi kilo 2.5. Kwa kipimo cha safari, upungufu ni kama asilimia 17. Anayeangalia jumla peke yake atasema samaki wamehama, ilhali hesabu ya safari inasema karibu wote wapo.

Dalili nyingine ni boti kubwa. Wavuvi wa michezo wa Watamu na Malindi hurudi baharini mwezi Agosti, kusi ikiwa bado inavuma, na nguru ni miongoni mwa samaki wanaowapata. Kama wote wangekuwa Uarabuni, boti hizo zingerudi bila nguru hata mmoja.

Hata hivyo, hoja hii nayo haijitoshelezi. Kwanza, katika mfano wetu bado kuna asilimia 17 ambazo mawimbi hayazielezi, na katika diko halisi sehemu hiyo inaweza kuwa kubwa zaidi. Pili, safari ya kusi hailingani na safari ya kaskazi. Mvuvi anayetoka wakati wa kusi huchagua siku nzuri, huvua saa chache, na huenda kwenye mwamba wa karibu. Kugawanya kilo kwa safari bila kujua saa na mahali kunaweza kupotosha upande wowote. Tatu, mbele ya Kenya na Tanzania vipo vyombo vyenye mashine za nguvu vinavyotoka mwaka mzima, na manahodha wake nao husema kuna miezi ya nguru wengi na miezi ya nguru wachache. Upepo pekee hauelezi tofauti hiyo.

Maelezo ya tatu: hubadili kina na mahali

Hapa nguru hubaki katika pwani yetu, ila hasogelei tena mahali alipozoeleka. Anafuata chakula. Wakati wa kaskazi, maji ni safi, makundi ya dagaa na simu husogea karibu na juu, na nguru huwakuta kwenye milango ya miamba na kwenye kingo zinazoshuka ghafla kuelekea kilindini. Wakati wa kusi, tabaka la juu la maji huchafuka na kuongezeka kina, tope la mito hutanda karibu na pwani baada ya masika, na samaki wadogo hutawanyika au kushuka. Mwindaji anayetegemea macho huwafuata.

Uzuri wa maelezo haya ni kwamba yanakubaliana na maumbile ya nguru. Samaki asiye na kibofu cha hewa anaweza kushuka mita makumi kadhaa na kupanda tena kwa muda mfupi. Kwa kawaida hupatikana kati ya mita 10 na 70, na ukingo wa mwamba wetu huvuka vina hivyo ndani ya umbali mdogo. Mkondo wa Pemba unafikia kina cha mita mia kadhaa umbali mfupi tu kutoka ufukweni. Nguru akisogea kilomita kumi kuelekea nje, au akishuka mita thelathini, kwa mvuvi wa kurambaza ni sawa na kutoweka. Maelezo haya pia yanaziba lile pengo lililobaki katika hesabu ya safari, kwani samaki yupo lakini ni mgumu zaidi kunaswa.

Kasoro yake ni kwamba ni vigumu kuyakanusha. Kila samaki asipoonekana, mtu anaweza kudai kwamba ameshuka. Madai kama hayo yanahitaji kipimo, hasa alama za kielektroniki zinazorekodi kina na joto, na vifaa hivyo ni ghali. Isitoshe, daftari za madiko mengi haziandiki kina wala umbali, na kama tulivyoona, huchanganya nguru wa aina zaidi ya moja. Ikiwa aina moja huja kaskazi na nyingine hubaki, takwimu zitaonyesha mwenendo ambao hakuna samaki anayeufuata.

Tukiyapima

Maelezo haya matatu hayana uzito sawa. La pili ndilo lenye nguvu zaidi kueleza upungufu mkubwa wa sokoni, kwa sababu tofauti ya safari kati ya misimu ni dhahiri na haihitaji dhana yoyote juu ya samaki. La tatu linafuata, kwa kuwa linapatana na maumbile ya nguru na mabadiliko ya bahari yaliyopimwa, na linaeleza kinachobaki baada ya kuondoa hesabu ya safari. La kwanza linabaki la mwisho kwa sura yake ya Uarabuni, ingawa sura yake ndogo zaidi inakubalika: baadhi ya nguru kusogea kutoka Msumbiji hadi Tanzania, au kutoka Tanzania hadi kaskazini mwa Kenya, kufuata mkondo na chakula. Orodha ya jodari na vibua iliyotolewa mwaka 1983 na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilishaeleza kwamba nguru husafiri mbali kando ya pwani, na kwamba inaelekea wapo pia wanaokaa mahali pamoja mwaka mzima.

Jambo moja huunganisha maelezo yote. Hata kama mzazi hasafiri, mayai yake husafiri. Mkondo unaokwenda kaskazini mwaka mzima unaweza kuchukua kizazi kilichotagwa mbele ya Mtwara na kukipeleka mbali na hapo. Kwa maana hiyo nguru wa pwani hii ni mali ya pamoja, na nchi moja ikimmaliza, jirani wa chini ya mkondo ataona matokeo.

Je, uvuvi wa nguru ufungwe?

Wanaotaka kufunga huelekeza kidole Oman, na wana sababu. Uvuvi wa nguru wa Oman ulifikia zaidi ya tani 27,000 mwaka 1988, kisha ukaporomoka hadi chini ya tani 5,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Serikali iliweka urefu wa chini wa sentimita 65 na kipindi cha kufunga kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba, na nchi nyingine za Ghuba zikafuata tarehe hizohizo. Kwa Bahari ya Hindi nzima, tathmini za Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, yenye makao Ushelisheli, ziliweka nguru kwa miaka kadhaa katika kundi la samaki waliovuliwa kupita kiasi. Wavuvi wakuu ni Indonesia, India na Iran, na nyavu za kunasia ndizo zinazoongoza. Kusema kwamba samaki huyu hana tatizo ni kufumba macho.

Lakini kuhamisha tarehe za Oman kuzileta hapa kungekuwa kosa. Agosti hadi Oktoba ni kipindi ambacho vyombo vingi vyetu vimeshapungua baharini kwa sababu ya kusi. Serikali ingetangaza mapumziko ambayo upepo ulikwisha kuyatoa, na uvuvi usingepungua sana. Tukifunga wakati wa kaskazi, samaki watanufaika zaidi, ila gharama itamwangukia mvuvi mdogo katika miezi anayolipia ada za shule, deni la nyavu na matengenezo ya chombo. Na kwa kuwa kuzaa kunachukua Oktoba hadi Julai, mwezi mmoja au miwili ya kufungwa itawakinga wazazi wa sehemu ndogo tu ya msimu.

Mfano wa pweza pia hautoshi. Pweza hukaa kwenye mwamba wake, hukua kwa kasi kubwa, na kijiji kilichofunga ndicho kinachovuna. Ndiyo maana mpango ulioanza Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004 ulienea hadi kwetu. Nguru haheshimu mpaka wa kijiji. Kijiji kikifunga peke yake, samaki waliookolewa watavuliwa na kijiji jirani wiki inayofuata, na uvumilivu wa wanakijiji utaisha mapema.

Ukiacha kufunga kwa tarehe, njia ya pili ni kuweka urefu wa chini wa samaki anayeruhusiwa kuvuliwa. Inamlinda samaki hadi azae walau mara moja, haifungi mapato ya mwezi wowote, na inaweza kupimwa dikoni kwa ubao wenye alama. Udhaifu wake uko kwenye vifaa. Nguru mdogo aliyenaswa na wavu huwa ameshakufa anapofika ndani ya chombo, na kumtupa ni hasara bila faida. Kwa hiyo kanuni ya urefu haifanyi kazi bila kanuni ya matundu ya nyavu. Tena iwekwe kwa kufuata maumbile. Sentimita 65 za Oman ziko chini ya ukubwa ambao wengi huanza kuzaa, na tukizinakili tutaruhusu kuvuliwa kwa samaki ambao hawajazaa.

Njia ya tatu ni kulinda mahali. Wavuvi wakionyesha kingo za miamba ambako nguru wenye mayai hukusanyika, maeneo hayo machache yanaweza kupumzishwa katika miezi ya kilele. Gharama yake ni ndogo kuliko kufunga pwani nzima. Inadai, hata hivyo, kwamba maarifa ya manahodha yaandikwe na kuthibitishwa kwa kupasua samaki na kuangalia mayai, kazi ambayo taasisi za utafiti wa uvuvi kama TAFIRI ya Tanzania, KMFRI ya Kenya na ZAFIRI ya Zanzibar zinaweza kuifanya pamoja na wavuvi dikoni.

Juu ya yote kuna sheria tatu katika ufuko mmoja: ya Tanzania Bara ya mwaka 2003, ya Zanzibar ya 2010 na ya Kenya ya 2016. Boti kutoka Shimoni, Wete na Tanga zinavua bahari ileile kwa kanuni tofauti. Chochote kitakachokubaliwa bila pande hizo tatu kitavuja.

Kwa muhtasari

Upungufu wa nguru wakati wa kusi unaelezwa kwanza na vyombo visivyotoka, pili na samaki wanaobadili kina na mahali kufuata chakula, na kwa sehemu ndogo na samaki wanaosogea kando ya pwani. Hadithi ya kundi zima kwenda Uarabuni na kurudi haina ushahidi, na isitumike kama msingi wa sera wala kama kisingizio cha kusema jukumu ni la nchi nyingine.

Kwa hali ilivyo, kufunga pwani nzima kwa tarehe za kalenda si hatua ya kwanza inayofaa. Gharama yake kwa mvuvi mdogo inajulikana, na faida yake kwa samaki mwenye msimu mrefu wa kuzaa ni ndogo. Kinachoweza kuanza sasa ni urefu wa chini unaokaribia sentimita 80, matundu ya nyavu yanayolingana nao, na ulinzi wa maeneo machache ya kuzalia, kwa makubaliano ya Bara, Zanzibar na Kenya. Pamoja na hayo, kila diko liandike mambo manne ambayo leo mara nyingi hayaandikwi: idadi ya safari, saa za kuvua, mahali pa kuvulia, na aina ya nguru. Daftari hilo halihitaji meli ya utafiti wala mfadhili, na bila hilo tutaendelea kubishana kila Mei kuhusu samaki ambaye hakuna aliyemhesabu.